Miamba ya Ngorongoro: Tathmini ya Ziara ya Kijiolojia Kutoka Ukuta wa Manyara Hadi Korongo la Olduvai

Watu wengi hulipia safari ya Ngorongoro kwa ajili ya wanyama, na wanyama hao wanastahili sifa zote wanazopewa. Tathmini hii, hata hivyo, inahusu safari ya namna nyingine katika nchi ileile: ziara ya miamba na udongo, inayoanzia chini ya ukuta wa Bonde la Ufa pale Mto wa Mbu, inayopanda hadi Karatu na ukingo wa kreta, kisha inayoteremka upande wa magharibi hadi Korongo la Olduvai, na ambayo mwenye muda anaweza kuiongezea Ziwa Natron na Mlima Oldoinyo Lengai. Sehemu kubwa ya njia hii imo ndani ya Jiopaki ya Dunia ya UNESCO ya Ngorongoro Lengai, yaani eneo linalotambuliwa kwa urithi wake wa kijiolojia, iliyotambuliwa mwaka 2018 ikiwa ya kwanza katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, na inayogusa wilaya za Karatu, Ngorongoro na Monduli mkoani Arusha. Nimeipita njia hii pamoja na walimu wenzangu wa jiografia wa shule za sekondari, na hukumu yangu naitoa mapema: ziara hii inastahili gharama yake na uchovu wake, lakini karibu thamani yake yote inategemea kama mwongozaji wako anajua kutenganisha mwamba wa msingi na vitu vilivyorundikana juu yake baadaye.

Nasisitiza tofauti hiyo kwa sababu katika eneo hili ndiyo inayoamua maji yatokee wapi, majani yaote wapi, mkulima alime wapi na mifupa ya kale ihifadhiwe wapi. Chini kabisa kuna miamba migumu iliyogeuzwa na joto na mgandamizo, hasa naisi na kwatsaiti za Ukanda wa Msumbiji, yaani mkanda mrefu wa miamba ya kale ya Afrika Mashariki, ambazo umri wake unazidi miaka milioni 500. Juu yake zimemwagika lava na majivu ya volkano za miaka milioni chache iliyopita. Juu ya hizo tena kuna mashapo ya maziwa na mito, udongo uliotokana na kuoza kwa lava, mchanga unaopeperushwa na upepo, na majivu machanga kabisa ya Lengai. Ziara nzuri ni ile inayokuonyesha tabaka hizi zote kwa mpangilio unaoeleweka, na njia hii inaweza kufanya hivyo vizuri kuliko nyingine yoyote ninayoijua nchini.

Mtu akitoka Makuyuni kuelekea Mto wa Mbu, barabara hupita katika tambarare pana na ukuta wa bonde huzidi kusimama mbele yake. Hapa ndipo ziara inapopaswa kuanza, na hapa ndipo magari mengi hupita bila kusimama. Vitabu vyetu vya shule huchora Bonde la Ufa likiwa na kuta mbili zinazotazamana, na kipande cha ardhi kilichozama katikati yake. Kwa Manyara mchoro huo unampotosha mwanafunzi. Ukuta mkubwa ni mmoja tu, wa magharibi, unaoinuka takriban mita 600 juu ya uwanda wa ziwa. Upande wa mashariki ardhi huinuka taratibu na hakuna ukuta wa kulingana na huo. Sababu ni kwamba ufa mkuu uko upande mmoja, na kipande kizima cha ardhi kimezama zaidi magharibi kuliko mashariki, kikainama. Ziwa Manyara limejibana chini ya ukuta kwa sababu hiyohiyo: maji yamefuata upande ulioinama zaidi, na kwa kuwa ziwa halina mto wa kulitoa maji, jua huyakausha na kuacha magadi. Niliona walimu wenye uzoefu wa miaka mingi wakinyamaza kwa muda mrefu pale jambo hili lilipoelezwa wakiwa wamesimama mbele ya ukuta wenyewe, kwa kuwa hakuna maelezo ya ubaoni yanayoweza kushindana na kuliona.

Ukuta huo si wa mwamba mmoja. Kaskazini, panapopita barabara ya lami inayopanda kwenda Karatu, umejengwa kwa lava zilizopangana tabaka juu ya tabaka, nyingi zikiwa basalti za rangi ya kijivu iliyokolea. Ukisafiri kusini ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, kuelekea upande wa Endabash na chemchemi za Maji Moto, lava huisha na naisi za kale hujitokeza, zikiwa na mistari myeupe na myeusi iliyojikunja. Kwa hiyo katika ukuta mmoja, bila kupanda popote, msafiri anaweza kutoka kwenye mwamba wa volkano wa miaka milioni chache hadi kwenye mwamba wa msingi wa mamia ya milioni. Mwongozaji asiyejua jambo hili atakuonyesha tembo na nyani katika hifadhi hiyo na kukurudisha hotelini. Wetu, aliyetoka katika kampuni ambayo sitaitaja, alikuwa hodari sana wa ndege na mwenye adabu, lakini alipoulizwa kwa nini rangi ya ukuta inabadilika alijibu kwamba ni kivuli. Nalisema hili kwa ajili ya msomaji anayepanga safari: kabla ya kulipa, muulize wakala ni miamba gani inaonekana kaskazini mwa ukuta wa Manyara na ni ipi inaonekana kusini. Jibu atakalokupa litakuambia mengi kuliko tangazo lake lolote.

Chini ya ukuta kuna somo la maji ambalo kwangu ndilo zuri kuliko yote ya siku ya kwanza. Anayeingia hifadhini kwa lango la kaskazini hupokewa na msitu mnene wa miti mirefu, mikuyu ikiwa mingi, ingawa tambarare jirani ni kavu. Msitu huo hautegemei mvua ya mahali pake. Mvua inayonyesha juu, katika misitu ya nyanda za Ngorongoro na Karatu, huzama ndani ya lava zenye nyufa na matundu, husafiri chini kwa chini, kisha hutokeza mguuni mwa ukuta kwa chemchemi nyingi ndogo. Mito inayoteremka ukutani nayo imeshusha mawe, mchanga na tope na kuvitandaza kwa umbo la upepeo, vile vizito vikibaki karibu na ukuta na vile laini vikifika mbali. Mpunga na migomba ya Mto wa Mbu imepandwa juu ya mashapo hayo, na inanyweshwa na maji hayo. Simama kwenye mfereji wowote wa umwagiliaji, uangalie ukuta nyuma yake, na uhusiano kati ya mwamba, maji na chakula utakuwa mbele ya macho yako bila kuhitaji maneno mengi.

Upande wa pili wa ziwa, mashariki, kuna Minjingu, panapochimbwa fosfeti ya mbolea. Mashapo yake yalitandwa ziwani wakati ziwa lilipokuwa kubwa na la kina zaidi kuliko leo, na fosfeti yenyewe ilitokana kwa sehemu na kinyesi na mabaki ya ndege wa majini waliokuwa wakikusanyika hapo. Si kituo cha watalii na sikishauri kwa familia, lakini wanafunzi wa jiolojia wakipata ruhusa ya kutazama wataona jinsi ziwa linavyoacha ushahidi wa ukubwa wake wa zamani mbali na ufuko wake wa sasa.

Barabara ikishapanda ukuta, kuna mahali pa kutazamia ambapo magari husimama na ziwa lote huonekana chini. Mandhari yake yanasifiwa na kila mtu, nami nakubaliana nao, ila ningependa mgeni ageuke pia atazame nyuma yake. Kutoka hapo hadi Karatu ardhi hubadilika kabisa: inakuwa ya mawimbi ya vilima, na udongo wake ni mwekundu na wa kina kirefu. Huo ni udongo uliotokana na lava na majivu vilivyooza kwa muda mrefu. Madini ya chuma yaliyomo yamepata hewa na maji yakawa na rangi ya kutu. Ngano, mahindi, maharage na kahawa hustawi juu yake. Udongo huohuo, ukishavuliwa majani, husombwa upesi, na makorongo yanayokula mashamba ya Karatu ni miongoni mwa mambo yanayohuzunisha zaidi katika njia hii. Kwa mwalimu, hata hivyo, kingo za makorongo hayo na kingo za barabara zilizochongwa ni madarasa ya bure: unaona udongo mwekundu juu, chini yake mwamba uliolegea ambao kucha inaweza kuukwaruza, na chini zaidi lava ngumu. Hakuna anayelipisha, na hakuna kampuni niliyoiona ikiweka kituo hicho kwenye ratiba.

Baada ya Lango la Loduare, la kuingilia eneo la hifadhi la Ngorongoro, lami hukoma na barabara hupanda ndani ya msitu wenye ukungu. Msitu huo ndio tangi la maji la eneo zima; bila huo chemchemi za chini ya ukuta, na pia zile za upande wa Mang'ola karibu na Ziwa Eyasi, zingepungua. Kisha ghafla kreta hufunguka.

Kuhusu kreta nitakuwa mfupi, kwa sababu imeandikwa sana. Ni kaldera, yaani shimo lililobaki baada ya kilele cha volkano kuporomoka ndani kutokana na kutoka kwa magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, iliyokuwa ikikibeba, jambo lililotokea takriban miaka milioni mbili iliyopita. Sakafu yake ina eneo la kilomita za mraba 260 hivi, na kuta zake zinafika mita 600. Wanaoijua miamba hupenda kukumbusha kwamba mlima huu ni mkongwe kuliko sura ya sasa ya ukuta wa Manyara, kwani mpasuko mkubwa ulioipa sehemu hii ya Bonde la Ufa umbo lake la leo ulitokea takriban miaka milioni 1.2 iliyopita. Volkano ilisimama kwanza, ardhi ikapasuka karibu yake baadaye. Ndani ya kreta, tazama zaidi sakafu kuliko kuta: ni mashapo ya ziwa na majivu, yenye chumvi nyingi kuzunguka Ziwa Magadi, na watafiti wamehusisha kufa kwa migunga mingi ya msitu wa Lerai na chumvi iliyopanda katika udongo. Kushuka ndani kunagharimu pesa nyingi zaidi kuliko kutazama kutoka ukingoni. Kwa anayekuja kwa ajili ya miamba pekee, ushauri wangu wa dhati ni kwamba atosheke na ukingo, na muda anaouokoa aupeleke Olduvai.

Kuteremka upande wa magharibi ni kuingia nchi nyingine. Pepo zenye mvua hutoka mashariki, milima huzipokonya unyevu, na upande wa pili hubaki mkavu. Miti hupungua, nyasi hufupika, na rangi ya ardhi hupauka. Hapa ndipo udongo wa juu unapoanza kuongoza maisha waziwazi. Majivu ya Lengai na ya volkano jirani ya Kerimasi, yenye chokaa na magadi kwa wingi, yamepeperushwa magharibi kwa maelfu mengi ya miaka na kutua juu ya nyanda. Mvua kidogo inayonyesha huyeyusha chokaa hiyo, huishusha kina kidogo, na jua likirudi hukauka na kuganda kuwa tabaka gumu. Mizizi ya miti haiwezi kulitoboa, mizizi ya nyasi haina haja ya kulitoboa. Nyanda zisizo na miti za Serengeti ya kusini mashariki, ambazo nyumbu huzijia kuzaa kwa sababu nyasi zake zina madini mengi, zimetokana kwa sehemu kubwa na tabaka hilo. Nimesikia waongozaji wakieleza uhamaji wa nyumbu kwa ufasaha mkubwa bila kulitaja tabaka hilo hata mara moja, na nadhani hilo ni pengo linaloweza kuzibwa kwa mafunzo mafupi tu, kwani wao wenyewe hulikanyaga kila siku.

Korongo la Olduvai ndilo kilele cha ziara hii. Lina urefu wa karibu kilomita 48 na kina kinachofika mita 90 hivi. Limechongwa na mto wa msimu unaotoka maziwa ya Masek na Ndutu magharibi na kutiririka kuelekea mashariki, hadi bonde la Olbalbal chini ya milima. Mwelekeo huo huwashangaza wageni wanaotarajia maji yatoke milimani kwenda nyandani. Yanakwenda kinyume kwa sababu nyufa za ardhi zimeishusha Olbalbal, nao mto, ukitafuta mahali pa chini, umelazimika kukata mashapo yote yaliyokuwa yametandwa hapo kabla. Mkato huo ndio uliowafunulia wanasayansi miaka milioni mbili ya historia.

Kutoka kwenye jukwaa la makumbusho, tabaka huonekana kwa macho bila chombo chochote. Mjiolojia wa Kijerumani Hans Reck, aliyefika mwaka 1913, ndiye aliyezipanga na kuzipa namba, na mpangilio wake unatumika hadi leo ukiwa umeboreshwa. Chini kabisa ya mashapo, upande wa magharibi wa korongo, kuna ignimbraiti ya Naabi, yaani majivu moto yaliyotiririka na kushikamana kuwa mwamba zaidi kidogo ya miaka milioni mbili iliyopita, na ambayo inaaminika ilitoka Ngorongoro yenyewe. Upande wa mashariki kuna basalti. Juu yake ni Tabaka la Kwanza, lililotandwa wakati palipokuwa na ziwa la magadi lenye kingo za majani na chemchemi za maji baridi. Humo, katika mashapo yaliyokaa juu ya majivu ya umri wa takriban miaka milioni 1.84, mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alipata mwaka 1959 fuvu la jamaa wa kale wa binadamu lililoitwa Zinjanthropus. Kisha Tabaka la Pili, halafu Tabaka la Tatu lenye wekundu ambao hata mtoto atauona kutoka mbali, na juu yake la Nne na yale machanga zaidi.

Kuhusu wekundu huo ningemwomba mgeni asiridhike na kuupiga picha. Ni mashapo ya mito yaliyotoka kwenye milima ya volkano na kukaa mahali palipopata hewa ya kutosha, chuma chake kikabadilika rangi. Ukilifuata korongo kuelekea magharibi, wekundu huo hufifia, kwa kuwa mashapo ya upande huo yalitoka penginepo, na tabaka la tatu na la nne haziwezi tena kutenganishwa kwa uhakika. Wajiolojia huziandika pamoja. Mwongozaji wa makumbusho tuliyempata alilieleza hili kwa Kiswahili safi, bila haraka, akionyesha kwa kidole kila mstari, na alipoulizwa umri wa tabaka unajulikanaje alieleza jinsi potasiamu iliyomo katika madini ya volkano inavyogeuka kuwa gesi ya agoni kwa kasi inayojulikana. Kipimo cha namna hiyo kilichochapishwa mwaka 1961 kuhusu Olduvai, kilichotoa umri wa takriban miaka milioni 1.75, kilibadilisha mtazamo wa dunia kuhusu umri wa binadamu, kwani kabla yake wengi walidhani muda uliopita ulikuwa mfupi zaidi. Ninampa mwongozaji huyo alama za juu kabisa, na ninatamani kila kijana wa Kitanzania apate nafasi ya kumsikiliza mtu wa kiwango chake.

Makumbusho yenyewe yaliasisiwa na Mary Leakey mwishoni mwa miaka ya 1970, na jengo jipya lilifunguliwa mwaka 2017. Kumbi zake ni pana, mpangilio wake unafuata wakati, na nakala ya nyayo za kale za Laetoli, mahali palipo kusini mwa Olduvai, zilizogunduliwa mwaka 1978 katika majivu yenye umri wa takriban miaka milioni 3.66, ni kitu cha kusimamia kwa muda. Nyayo halisi zilifukiwa ili zihifadhiwe, kwa hiyo nakala si ya kudharauliwa. Ningefurahi kuona siku moja, karibu na vitu hivyo, mezani, vipande vya miamba ambavyo mgeni anaruhusiwa kuvishika: kwatsaiti ya Naibor Soit, kilima cha mwamba wa msingi kinachotokeza nje ya mashapo karibu na korongo, fonolaiti, mwamba wa volkano, ya kilima cha Engelosin, basalti ya milimani. Watu wa kale walivijua vyote hivi kwa mikono yao. Walibeba kwatsaiti kwa makali yake, wakaokota mawe ya lava kwenye mito kwa uzito wake, na wakati mwingine walivisafirisha kilomita kadhaa. Zana zilizomo makabatini zinasema zaidi kama mtazamaji amegusa malighafi yake.

Kaskazini magharibi ya makumbusho, kwa mwendo mfupi wa gari, kuna kilima cha mchanga mweusi kinachohama. Ni majivu ya volkano yaliyokusanywa na upepo kwa umbo la mwezi mchanga, na kasi yake inakadiriwa kuwa mita 17 hivi kwa mwaka; nguzo zimewekwa kuonyesha kilipokuwa zamani. Mchanga wake una madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, kwa hiyo beba sumaku ndogo ujaribu. Hakiwezi kushindana na korongo kwa kina cha elimu, lakini kwa wanafunzi ni tulizo baada ya maelezo marefu, na kinawaonyesha kwamba uso wa nchi hii haujamaliza kubadilika. Tafadhali msipande juu yake. Nyayo za watu wengi huvuruga umbo lake.

Mwenye siku zaidi aende Natron, lakini aichukue kama safari ya pekee, kwa njia ya Mto wa Mbu na Engaruka. Barabara yake ni ya vumbi, mawe na makorongo, na gari dogo halifai. Engaruka ina mabaki ya mashamba ya umwagiliaji yaliyojengwa kwa mawe yaliyoporomoka ukutani, kazi ya wakulima walioishi hapo kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Mbele yake anasimama Lengai, volkano pekee duniani inayojulikana kutoa katika zama hizi lava ya kaboneti ya sodiamu. Lava hiyo hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, takriban nusu ya joto la basalti, huonekana nyeusi ikiwa mbichi, na ikikutana na unyevu hubadilika kuwa nyeupe kwa muda mfupi. Julai 2007 tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa eneo la Gelai jirani, magma ikijipenyeza chini ya ardhi, na Septemba ya mwaka huohuo Lengai ililipuka kwa majivu mengi. Kwa hiyo anayetaka kupanda kilele aulize kwanza hali ya mlima kwa waongozaji wa kijiji cha Engare Sero, na asimtegemee wakala wa mjini kwa taarifa hiyo. Kwa wengi wetu, kuutazama kutoka chini kunatosha, hasa tukiongeza nyayo zaidi ya 400 za watu zilizohifadhiwa katika majivu yaliyoganda kusini mwa ziwa.

Jambo la mwisho ni la afya. Maji ya chemchemi na visima katika ukanda huu wa volkano mara nyingi yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya kahawia ya watoto wa vijiji vingi vya mkoa huu yanatokana na miamba hiyohiyo tunayokuja kuistaajabia. Mgeni wa siku chache hatadhurika, lakini anayeleta wanafunzi awabebee maji ya kutosha, na awaeleze sababu wakiwa palepale kwenye chemchemi. Awakumbushe pia kwamba kuokota mawe ndani ya eneo la hifadhi na korongoni hakuruhusiwi; lenzi ya mkononi yenye kukuza mara kumi, daftari na kamera vitawatosha. Miezi ya ukavu, kuanzia Juni hadi Oktoba, ndiyo bora kwa kazi hii, kwa sababu wakati wa masika udongo mweusi wa nyandani hunasa magari, na tope hufunika tabaka ambazo watu wamesafiri kuja kuziona.